Sayari yenye maji? Namna ya kuikagua mwenyewe kwa daftari na kikokotoo

Nina daftari la kurasa mia mbili, na kila ukurasa wake wa kushoto ni wa sayari moja. Nililianza tarehe 22 Februari 2017, siku ilipotangazwa kwamba nyota ndogo iitwayo TRAPPIST-1, iliyo umbali wa kama miaka 40 ya nuru, inazungukwa na sayari saba zenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si mtaalamu wa nyota. Ila miaka saba kabla ya siku hiyo kuna sayari iliyokuwa imeniumiza, na sikutaka yanikute tena.

Sayari hiyo iliitwa Gliese 581 g. Ilitangazwa Septemba 2010, ikasemwa kuwa iko umbali wa kama miaka 20 ya nuru, mahali pasipo na joto kali wala baridi kali. Nilisoma, nikasadiki, nikaingia darasani nikawaambia wanafunzi wangu kwamba Dunia ya pili imepatikana na ina maji. Nilisema “ina”, sikusema “huenda ina”. Mwaka 2014 uchambuzi mpya ulionyesha kuwa ile dalili ilitoka kwa nyota yenyewe: inajizungusha mara moja kwa siku kama 130, na shughuli za sumaku kwenye uso wake zilivuruga vipimo. Sayari g haikuwapo. Kufikia wakati huo wanafunzi wale walikuwa wamekwisha kutawanyika, na sikuwa na njia ya kumfuata mmoja mmoja nimweleze.

Ndiyo sababu daftari langu lina sharti moja tu. Kilichopimwa nakiandika kwa wino; kilichokisiwa nakiandika kwa penseli. Mpaka leo neno “maji” halijapata wino kwenye ukurasa wa sayari yoyote ndogo ya mawe iliyo nje ya mfumo wa Jua letu. Haina maana kwamba maji hayapo. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeyaona bado, na mtu anayesoma habari hizi anastahili kujua tofauti hiyo kabla hajamsimulia mwenzake.

Hivi ndivyo ninavyoujaza ukurasa mmoja, tangu mwanzo. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Kusanya namba, uiache picha

Ile picha ya bahari ya buluu yenye mawingu meupe imechorwa na msanii. Hakuna sayari yenye ukubwa wa Dunia nje ya mfumo wetu ambayo uso wake umewahi kupigwa picha. Tunachoona ni nyota ikififia kidogo sayari inapopita mbele yake, au nyota ikiyumba kidogo kwa kuvutwa na sayari. Basi ipite picha, utafute namba tano: siku ambazo sayari inatumia kuizunguka nyota yake, kipenyo chake, tungamo yake (yaani wingi wa maada iliyomo ndani yake), tungamo ya nyota, na mwangaza wa nyota. Zote zimo kwenye hifadhidata ya NASA ya sayari za nje, ambayo iko wazi kwa yeyote. Septemba 2025 idadi ya sayari zilizothibitishwa humo ilivuka 6,000.

Kuna mitego miwili humo, na yote imewahi kuninasa. Wa kwanza: mwangaza wa nyota umeandikwa kwa logi. Ukikuta -2.81, usidhani ni kosa. Geuza simu ilale ili kikokotoo kipanuke, kisha tafuta 10 kwa kipeo cha -2.81, utapata 0.00155, yaani nyota hiyo inatoa mwanga unaozidi kidogo sehemu moja na nusu kati ya elfu ya mwanga wa Jua. Wa pili: sayari iliyogunduliwa kwa kuyumba kwa nyota peke yake inapewa tungamo ya chini kabisa, si tungamo halisi. Hatujui mzunguko wake umeinama kiasi gani ukitazamwa kutoka kwetu, kwa hiyo inaweza kuwa nzito zaidi. Andika “angalau” mbele ya namba hiyo, kwa wino.

Na alama ya ± iliyo kando ya kila namba, inakili. Watu huiruka, ilhali ndiyo inayokuambia namba hiyo uiamini kwa kiasi gani.

Tafuta mwanga unaoifikia

Tuichukue Proxima Centauri b. Ilitangazwa Agosti 2016, na nyota yake ndiyo iliyo jirani yetu kuliko zote baada ya Jua: miaka 4.24 ya nuru. Inaizunguka kwa siku 11.2. Tungamo ya nyota ni 0.12 ya Jua, mwangaza 0.00155.

Kwanza umbali. Gawa 11.2 kwa 365.25, unapata 0.0307. Izidishe kwa yenyewe: 0.00094. Zidisha kwa tungamo ya nyota, 0.12: unapata kama 0.000113. Namba hiyo ni umbali uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo tafuta kipeuo chake cha tatu. Kikokotoo kisicho na kitufe hicho kisikukwamishe, jaribu tu: 0.05 mara tatu inatoa 0.000125, imezidi, 0.048 inatoa 0.00011, imepungua kidogo, 0.0483 inafika. Basi Proxima b iko kwenye umbali wa 0.0483 ukilinganisha na umbali wa Dunia na Jua, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini. Kanuni hii aliitoa mwanaastronomia Kepler mwaka 1619, na Newton baadaye akaonyesha tungamo ya nyota inaingiaje. Mimi hufurahi kila ninapoitumia. Ni hesabu ya miaka mia nne iliyopita, na inafanya kazi kwenye nyota ambayo Kepler hakuwahi kuijua.

Sasa mwanga. Gawa mwangaza wa nyota kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe: 0.00155 kwa 0.00233. Jibu ni 0.66. Kila kipande cha uso wa Proxima b kinapata theluthi mbili ya mwanga unaopata Dunia. Ukitaka kujihakiki, hifadhidata ina safu ya namba hiyo pia. Jibu lako likitofautiana sana na lake, rudi kwenye ile logi.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo magazeti hulipenda, “ukanda unaokalika”. Kwa nyota kama Jua, ukanda huo unaanzia kwenye mwanga wa kama 1.1, tukiita wa Dunia 1, na unaishia kama 0.35. Kwa vibete vyekundu, nyota ndogo zenye mwanga mwekundu, mipaka yote miwili inashuka, kwa sababu mwanga mwekundu unanaswa zaidi na mvuke wa maji na hewa ya ukaa, na barafu haiurudishi sana angani. Proxima b, kwa 0.66, imo. TRAPPIST-1 e, kwa 0.65, imo. Kepler-186f, iliyotangazwa mwaka 2014 kuwa ya kwanza yenye ukubwa wa Dunia kupatikana ndani ya ukanda, imo pia, ila karibu na ukingo wa nje, kwa mwanga wa kama 0.3.

Kuwamo hapo kunamaanisha nini? Kunamaanisha kwamba *kama* sayari ina maji, na *kama* ina hewa ya kufaa, maji hayo yanaweza kukaa juu ya uso bila kuganda yote wala kuchemka yote. Ziandike “kama” hizo mbili kwa herufi kubwa. Wengi wanaoandika habari hizi huzidondosha njiani.

Jotoridi, na somo la Zuhura

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hesabu yenyewe iliponifundisha kuiheshimu hewa.

Jotoridi la sayari isiyo na hewa ya kuhifadhi joto linapatikana hivi. Chukua mwanga uliokwisha kuupata. Uzidishe kwa sehemu ambayo sayari inaimeza, maana sehemu nyingine inarudishwa angani na mawingu, barafu na mchanga. Dunia inameza kama 0.7. Bonyeza kipeuo cha pili mara mbili. Zidisha kwa 279. Jibu ni kwa kelvini. Toa 273 upate selsiasi. Hiyo 279 ni joto la mpira mweusi ambao ungewekwa hapa tulipo sisi kutoka kwenye Jua.

Jaribu kwa Dunia: mwanga 1 mara 0.7 ni 0.7, kipeuo cha pili 0.837, tena 0.915, mara 279 ni 255. Toa 273: nyuzi 18 chini ya sifuri. Dunia nzima barafu! Lakini wastani halisi wa Dunia ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi 33 ni kazi ya hewa: mvuke wa maji na hewa ya ukaa, vinavyozuia joto lisitoroke.

Sasa Mirihi. Mwanga 0.43, inameza robo tatu. Utapata kelvini 210, nyuzi 63 chini ya sifuri, na hali halisi ya Mirihi iko karibu sana na hapo. Hesabu imepatia kwa sababu hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, haiongezi kitu cha maana.

Halafu Zuhura. Mwanga 1.91, karibu mara mbili ya wetu. Lakini mawingu yake meupe yanarudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga huo, inameza 0.24 tu. 1.91 mara 0.24 ni 0.458, kipeuo 0.677, tena 0.823, mara 279 ni kelvini 230. Nyuzi 43 chini ya sifuri. Kwa hesabu hii Zuhura ni baridi kuliko Dunia. Ukweli ni kwamba uso wake una nyuzi 464, joto la kuyeyusha risasi, chini ya hewa inayokandamiza mara 92 kuliko hewa yetu.

Sasa rudi kwa Proxima b, ukichukulia inameza 0.7 kama Dunia. 0.66 mara 0.7 ni 0.462. Kipeuo, kipeuo tena, mara 279. Kelvini 230.

Usiku nilipoipata namba hiyo nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Zuhura, sayari kavu inayochoma kuliko zote tunazozijua hapa jirani, na Proxima b, inayosifiwa kuwa huenda ina bahari, zinatoa jibu moja kwenye kikokotoo. Namba hiyo haina uwezo wa kuzitenganisha. Kinachozitenganisha, au kinachozifananisha, ni hewa, na hewa ya Proxima b hatujaiona hata chembe. Tangu usiku ule, safu ya jotoridi kwenye daftari langu yote ni penseli, hata inapotoka kwa watu wenye kompyuta kubwa. Ukisoma “sayari hiyo ina nyuzi kadhaa”, uliza: hizo ni nyuzi zilizopimwa, au ni hizi za vipeuo viwili?

Zuhura inafundisha pia jinsi maji yanavyopotea. Kwetu, mvuke unaopanda unakutana na tabaka la hewa baridi, unaganda na kurudi kama mvua au theluji. Tabaka hilo ni kama kifuniko cha sufuria. Mwanga ukizidi, kifuniko kinafunguka. Mvuke unafika juu kabisa, mionzi ya urujuanimno inaivunja molekuli ya maji, na hidrojeni, kwa kuwa ni nyepesi, inatorokea angani. Hidrojeni nzito hutoroka kwa shida zaidi, kwa hiyo hubaki nyuma kama masimbi. Kwenye hewa ya Zuhura uwiano wa hidrojeni nzito umepimwa, nao unazidi wa Dunia kwa zaidi ya mara mia. Hilo liko kwa wino: Zuhura ilikuwa na maji mengi kuliko sasa. Kama yaliwahi kuwa bahari au yalibaki mvuke tangu mwanzo, wataalamu bado wanabishana, na mimi nimeiweka penseli.

Mirihi nayo ina lake, fupi. Maji hayahitaji joto peke yake, yanahitaji pia mgandamizo wa hewa. Chini ya milibari 6.1 hayawezi kuwa kimiminika kwa jotoridi lolote. Barafu inakwenda moja kwa moja kuwa mvuke. Hewa ya Mirihi inacheza karibu na mpaka huo huo. Sayari inaweza kuwa na jotoridi zuri na barafu tele, na bado tone lisikae.

Ipime kwa mizani

Kama una kipenyo na tungamo, zote kwa kipimo cha Dunia, gawa tungamo kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu, kisha zidisha kwa 5.51. Hiyo ni densiti, gramu kwa sentimita moja ya ujazo. TRAPPIST-1 e ina tungamo 0.69 na kipenyo 0.92: densiti 4.9. Ni jiwe. K2-18 b ina tungamo 8.6 na kipenyo 2.6: densiti 2.7. Hiyo si jiwe tupu. Ama ina maji mengi mno, ama jiwe lililofunikwa na blanketi nene la hidrojeni, ama mchanganyiko. Namba moja, sayari za aina tatu. Ikivuka kipenyo cha kama 1.6 cha Dunia, mara nyingi huwa imeanza kuvaa gesi, na mimi huacha kuiita “Dunia nyingine” hapo hapo.

Mizani hii ina upofu wake. Bahari zote za Dunia ni sehemu moja tu katika elfu nne na ushei ya uzito wake. Dunia ingekuwa na kilo moja, bahari zote zingekuwa chini ya robo gramu. Mizani ya sayari za mbali haiwezi kuona robo gramu katika kilo. Kwa hiyo densiti inaweza kutuonyesha sayari iliyozama kabisa, lakini haiwezi kutofautisha Dunia na jangwa. Mfano wa iliyozama huenda ukawa LHS 1140 b, umbali wa kama miaka 49 ya nuru. Ina tungamo 5.6 na kipenyo 1.73, na ukipiga hesabu densiti yake inakaribia 6. Unaweza kusema ni nzito kuliko Dunia, basi ni jiwe. Subiri. Jiwe lenye tungamo mara tano na nusu ya Dunia linajikandamiza lenyewe, na lingepaswa kuzidi 7. Kuna kitu chepesi humo. Uchambuzi wa mwaka 2024 ulipendekeza kuwa asilimia 10 hadi 20 ya tungamo yake inaweza kuwa maji. Nimeliandika kwa penseli, ila penseli niliyoikandamiza.

Usishangilie wingi wa maji haraka, lakini. Bahari yenye kina cha mamia ya kilomita hukandamizwa chini mpaka maji yanakuwa barafu kwa uzito tu, hata yakiwa ya moto, na barafu hiyo inatenga maji na mwamba. Kwetu, mvua inayomomonyoa mwamba ndiyo inayosaidia kurudisha hewa ya ukaa ardhini na kuzuia joto lisizidi kwa muda wa mamilioni ya miaka. Sayari isiyo na nchi kavu inakosa kirekebishi hicho.

Iulize nyota tabia yake

Hili watu hulipita, ilhali nyota ndiyo mwenye nyumba. Sayari nyingi tunazoweza kuzichunguza ziko kwa vibete vyekundu, na sababu ni hesabu tu: Dunia ikipita mbele ya Jua inafifisha sehemu 84 katika milioni, TRAPPIST-1 e ikipita mbele ya nyota yake ndogo inafifisha kama sehemu 5,000. Rahisi kuiona. Lakini nyota hizo zina ghadhabu. Machi 2016 Proxima ililipuka mwako mkubwa kiasi kwamba kwa dakika chache ingeweza kuonekana kwa macho matupu. Tena ujana wao ni mrefu: kwa mamia ya mamilioni ya miaka huwaka zaidi kuliko watakavyowaka baadaye, kwa hiyo sayari ambayo leo imo ndani ya ukanda ilioka muda huo wote nje yake, mdomoni mwa tanuri. Maji yake ya mwanzo huenda yalikwisha kabla nyota haijatulia.

Andika kwenye ukurasa aina ya nyota, umri kama unajulikana, na kama kuna miwako iliyorekodiwa.

Neno “maji” likitajwa, uliza mambo matatu

Kwanza: ni mvuke au kimiminika? Mvuke wa maji uko kila mahali. Julai 2022, spektra (mwanga uliotenganishwa rangi kwa rangi) ya kwanza ya sayari iliyotolewa na darubini ya James Webb ilikuwa ya WASP-96 b, nayo ilionyesha alama wazi za mvuke wa maji. Hiyo ni sayari ya gesi yenye joto la mamia ya nyuzi. Hakuna tone humo.

Pili: maji hayo ni ya sayari au ya nyota? Wengi hushangaa nikiwaambia nyota inaweza kuwa na mvuke wa maji. Madoa ya nyota ni baridi kuliko sehemu nyingine za uso wake, na kwenye kibete chekundu yana baridi ya kutosha molekuli za maji kudumu. Hata kwenye madoa ya Jua letu mvuke umepatikana. Mwaka 2023 Webb iliona dalili ya maji ilipoitazama sayari ya mawe GJ 486 b, na watafiti wenyewe wakaandika kwa uaminifu kwamba hawawezi kusema kama ni hewa ya sayari au madoa ya nyota. Nawapenda kwa hilo.

Tatu: gesi nyingine haiwezi kuvaa sura hiyo hiyo? Kila gesi hula rangi zake katika mwanga, lakini baadhi ya rangi hugombewa. Septemba 2019 dunia nzima iliambiwa kwamba mvuke wa maji umepatikana kwenye K2-18 b, umbali wa miaka 124 ya nuru, kwa darubini ya Hubble. Dalili ilikuwa kwenye mwanga wa infraredi wa mikromita 1.4 hivi. Maji hula mwanga hapo. Methani nayo hula hapo. Mwaka 2023 Webb, inayoona rangi nyingi zaidi, ilipata methani na hewa ya ukaa, na ile alama ya 2019 ikaelezeka kwa methani bila kuhitaji maji. Ukurasa wangu wa K2-18 b una mstari wa wino uliofutwa. Mwaka 2010 nilikosea kwa pupa. Hapa nilikosea kwa kutojua swali hili la tatu, nami nakupa ili usipite njia hiyo.

Aprili 2025 sayari hiyo hiyo ilirudi kwenye habari kwa molekuli ya daimethili salfaidi, ambayo hapa Duniani hutoka hasa kwa viumbe wa baharini. Uhakika uliotajwa ulikuwa sigma 3, wakati desturi ya kutangaza ugunduzi ni sigma 5 (sigma ikipanda, uwezekano kwamba dalili ni bahati tu unashuka). Wengine walipozichambua data hizo upya hawakuiona dalili yenye nguvu. Na molekuli hiyo imepatikana kwenye nyotamkia 67P, mahali pasipo na kiumbe. Penseli, tena nyepesi.

Kabla hujafunga ukurasa

Ukanda ule ni wa maji ya juu ya uso tu. Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita kama 500, unapata mwanga wa 0.011. Weka namba hiyo kwenye vipeuo vyetu uone baridi yake. Hata hivyo mwaka 2005 chombo cha Cassini kiliona maji yakiruka angani kutoka kwenye nyufa za kusini yake, na chini ya barafu kuna bahari ya kimiminika, inayopashwa joto na Zohali kwa kuukanda mwezi huo unapozunguka. Humo zimepatikana chumvi, hidrojeni na, kwa taarifa ya mwaka 2023, fosfeti. Hiyo ni wino mtupu, na iko nje kabisa ya ukanda. Europa, mwezi wa Mshtarii, unaaminika kuwa na bahari ya namna hiyo, na chombo cha Europa Clipper kilichorushwa Oktoba 2024 kinatarajiwa kufika huko Aprili 2030. Bado naujali ukanda kwa sababu moja: bahari iliyofichwa chini ya barafu kwenye nyota nyingine hatuna namna ya kuiona. Iliyo wazi hugusa hewa, na hewa inaweza kusomwa.

Ukurasa ninaoufungua mara nyingi ni wa TRAPPIST-1 e. Kwa wino: siku 6.1, kipenyo 0.92, tungamo 0.69, mwanga 0.65, densiti 4.9. Kwa penseli: kelvini 229. Matokeo ya Webb yaliyotoka Septemba 2025, baada ya kuitazama ikipita mara nne, yaliondoa uwezekano wa blanketi nene la hidrojeni la tangu kuzaliwa kwake. Kuhusu hewa nyingine, madoa ya nyota yamechafua picha. Sasa wataalamu wana hila nzuri, na ni hesabu ya kutoa. Sayari b, ndugu yake wa ndani kabisa, inaelekea kuwa mwamba mtupu usio na hewa ya maana. Wanaitazama b ikipita, kisha muda mfupi baadaye e ikipita mbele ya nyota ileile yenye madoa yaleyale. Kinachoonekana kwa b ni cha nyota. Kikitolewa kwenye kinachoonekana kwa e, kitakachobaki ni cha e.

Kwenye ukurasa huo nimekwisha kuchora safu tatu: b, e, na tofauti. Nawe zichore, uache nafasi ya kutosha kwenye ile ya tatu.